Kipaza cha Muuza Dawa ya Panya

Sauti ya mhadhiri ilimtoka siku ya Jumatatu, kipindi cha asubuhi, katikati ya neno. Alikuwa anataka kusema "uwajibikaji". Akafika "uwaji", iliyobaki ikakataa. Wanafunzi wa mbele walidhani ametua apumue. Wa nyuma hawakuona tofauti yoyote, maana tangu muhula uanze walikuwa hawamsikii.

Ukumbi ule ulijengwa uchukue watu mia mbili. Siku hizo waliingia mia tano na ushee, na waliochelewa walikaa madirishani, miguu ikining'inia nje kama nguo zilizoanikwa. Spika za ukutani zilikufa mwaka juzi. Ndani ya ile ya kulia ndege walishajenga kiota, wakatotoa, wakahama. Basi mhadhiri alifundisha kwa kupiga kelele, na somo lake lilikuwa uongozi wa wafanyakazi.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado halijafika utosini. Mkewe alikuwa kibarazani kwenye cherehani, anapachika mfuko kwenye shati la shule. Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe alimwita hivyo. Kando yake alikaa mama mkwe wake, sinia la maharage mapajani, anachambua mawe na kuyatupa uani bila kuangalia yanapoangukia.

"Mbona mapema?" Fundi aliuliza.

Mumewe akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa kama mlio wa mlango wa kabati la zamani.

"Hata salamu?" Bibi alisema. "Mama yako nimekaa hapa kama kinyago, hata shikamoo? Ndio usomi huo?"

Mhadhiri akashika koo, akatikisa kichwa.

"Kagoma," Bibi akasema. "Nilijua iko siku. Marehemu baba yake akikasirika alikuwa anagoma kusema. Ila yule aligoma na kula, akatupunguzia kazi."

Fundi aliacha shati, akamvuta mumewe penye mwanga, akamfungua kinywa kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Ndani kulikuwa kwekundu kama uzi aliokuwa anashonea.

"Huyu hakugoma, mama," alisema. "Huyu ameisha."


Zahanati ya chuo ilikuwa nyuma ya karakana ya magari. Muuguzi wa mlangoni aliuliza mgonjwa anaitwa nani, mhadhiri akafungua kinywa, akafunga. "Mwandike Dokta tu," Fundi alisema. Muuguzi akamwambia madaktari wapite mlango wa pili. Ikabidi Fundi aeleze kwamba huyu ni dokta wa vitabu, si wa sindano, na watu wote kwenye benchi wakageuka wamtazame.

Daktari alikuwa kijana, macho mazito kwa usingizi. Alimulika koo, akauliza anafundisha watu wangapi, akaambiwa, akasema "Mh."

"Kwenye nyuzi za sauti kuna vinundu," alisema. "Anyamaze wiki tatu. Na asinong'one. Kunong'ona ni kubaya kuliko kusema."

"Asiponyamaza?"

"Vikikomaa, hiyo sauti aliyoingia nayo hapa ndiyo atakayozeeka nayo."

Fundi alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anasoma bango la ukutani linalohusu kunawa mikono, na alilisoma kwa muda mrefu kuliko lilivyoandikwa.

"Na wataalamu wakubwa wa koo? Bima ya chuo si inalipia?"

"Bima inalipia macho, meno na ajali kazini."

"Hii si ajali kazini?"

"Ajali ni kitu cha ghafla, mama. Hii imemchukua miaka sita."

Walipewa tembe za maumivu na shauri la kusukutua kwa maji ya chumvi. Chumvi, daktari alisema, wangejitegemea. Walipofika mlangoni akawaita tena. "Kama hapana budi aseme, basi aseme polepole kama mnavyozungumza mezani. Asipandishe. Akipandisha tu, tumepoteza."


Siku ya pili yake Fundi alivaa gauni lake la harusi za watu, akaenda na mumewe ofisini kwa mkuu wa idara. Alikwenda kuwa ulimi. Mkuu wa idara alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa wa namna ambayo ukitoka kwake hujui umepewa nini.

"Shemeji, karibu kiti. Siyo hicho. Hicho kina miguu mitatu."

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Fundi akakaa, mhadhiri akasimama ukutani, kando ya rundo la mitihani ya zamani lililofika kiunoni. Fundi akaeleza yote, vinundu, wiki tatu, maji ya chumvi. Mkuu alisikiliza na kusikitika kweli. Hata kalamu aliiweka chini.

"Pole sana. Sisi hapa mfanyakazi tunamjali mno. Ruhusa ya ugonjwa ipo. Ipo kwa wale wa kudumu. Mumeo, shemeji, ni wa mkataba."

"Wa mkataba haumwi?"

"Anaumwa. Ila haijapangwa." Akakohoa kidogo. "Na mkataba wenyewe unakwisha mwezi huu. Keshokutwa Alhamisi kamati ya ubora inakuja kumtazama akifundisha. Ikiridhika, anaongezewa miaka mitatu. Isiporidhika..." Aliangalia dari, ambako maji ya mvua yalikuwa yamechora duara la kahawia. "Na ile nyumba, unajua, ni ya chuo."

"Naijua. Ndiyo inayovuja."

"Hiyohiyo."

"Basi kamati isubiri, ije akipona."

"Shemeji, kamati haisubiri. Imeshaazimiwa viti."

"Na spika za ukumbini?"

"Zimeombwa tangu mwaka juzi. Ombi liko hatua nzuri." Mkuu akainuka, akamshika mhadhiri bega kwa huruma. "Na wiki hii mko kwenye mada gani vile? Ustawi wa mfanyakazi kazini, eeh? Mada nzuri sana hiyo."


Kila alasiri alipita mtaani kwao muuza dawa ya panya. Mtaa ulimwita Tulale, kwa sababu ya tangazo lake lililotoka kwenye kipaza sauti alichokining'iniza begani: "Panya, mende, kunguni, viroboto! Anakula ndani, anafia nje! Mama ee, leo tulale salama!" Ilikuwa sauti nzito, tamu, sauti ya mtu ambaye ungempa dada yako bila kuuliza ukoo. Watoto waliiiga, na wasio na panya walinunua.

Alasiri ile Fundi alisimamisha cherehani mguu ukiwa hewani. "Tulale! Hebu njoo hapa, kaka."

"Panya au mende?" Tulale aliuliza alipofika. Aliuliza kwa kukwaruza, kama mtu anayeparuza ukoko wa sufuria. Miaka yote ile alikuwa anaonyesha bei kwa vidole, na Fundi alikuwa hajawahi kumsikia akisema.

"Nataka kipaza. Niazime Alhamisi asubuhi, mume wangu akafundishie."

"Dada, kipaza ni kama mswaki."

"Nitakushonea koti la mifuko. Panya mfuko wake, mende mfuko wake. Uache kupekua kapu barabarani kama mtu aliyepoteza funguo."

Tulale alifikiri. Koti la mifuko lilimwingia. "Sawa. Ila natangulizana nacho. Kikiwa humo ndani, na mimi niwe humo ndani."

"Kwani ile sauti ni ya nani?" Bibi aliuliza. "Umemlipa nani akusemee?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe? Na hii?"

"Hii ndiyo iliyobaki. Nilianza kwa kupiga kelele mwenyewe, sina chombo. Nilipopata chombo nikarekodi, na mwezi haukuisha, sauti ikakatika. Ningechelewa kidogo ningekosa vyote." Akakipapasa kipaza kama kichwa cha mtoto. "Nilivyokuwa, mama, niko humu."

Mhadhiri alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji ya chumvi. Aliinua mkono, akashika koo lake mwenyewe, akaenda kusukutua kwa mara ya sita siku ile.

Tulale alimfundisha vitufe. "Chekundu, unasema wewe. Cheusi, kinasema chenyewe. Vyote kwa pamoja, usiviguse."

"Vikiguswa?" Fundi aliuliza kwa niaba ya mumewe.

"Kinafuta cha zamani, kinarekodi kipya. Kikijaa, taa ya kijani inazima."

Mhadhiri aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu msomi, na vitufe vilikuwa viwili tu.


Alhamisi Fundi na Tulale walikaa safu ya mwisho, Tulale kapu lake la dawa mapajani. Mwanafunzi aliyekaa kando yao alisogea kidogo. Mbele kabisa kulikuwa na viti vitatu vyenye matakia, nailoni ya dukani bado haijabanduliwa, na wajumbe watatu wa kamati wakikaa vinalia. Mwenyekiti wao alikuwa mama mnene mwenye miwani ya mnyororo. Mhadhiri hakuwa na kiti. Hakuwahi kuwa nacho, lakini siku ile ilionekana.

Alikuwa amenyamaza karibu siku tatu, na sauti kidogo ilikuwa imejikusanya. Akainua kipaza, akabonyeza chekundu, akasema kama mtu aliye mezani: "Habari za asubuhi."

Ukumbi ulinyamaza. Habari ile ilifika mpaka madirishani.

"Kumbe ana sauti nzuri," msichana mmoja wa dirishani alimwambia mwenzake.

"Ndiyo hili somo la siku zote?"

"Sijui. Mimi nilidhani ni takwimu."

Wakaanza kuandika. Fundi alihesabu migongo iliyoinama, akashindwa. Mumewe alieleza ustawi wa mfanyakazi ni kitu gani, polepole, bila kupandisha, na jasho likimtiririka usoni kwa hofu ya kupandisha. Jasho likafika mkononi. Akabadilisha mkono, na dole gumba likatua palipo cheusi.

"PANYA, MENDE, KUNGUNI, VIROBOTO!"

Mjumbe mmoja wa kamati aliinua miguu. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mhadhiri akabonyeza tena kinyamaze, kikaendelea. "ANAKULA NDANI, ANAFIA NJE!"

"Achia!" Tulale alisema, amekwisha simama. "Achia vyote!" Lakini kukwaruza kwake hakukuvuka hata safu mbili.

Mhadhiri akabonyeza kila kitu kwa madole gumba yote mawili. Kipaza kikakata kauli. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Tulale aliitazama ile taa, akakaa taratibu kama mtu anayeshushwa kwa kamba. Fundi alidhani ameshusha pumzi.

"Tuendelee," mhadhiri alisema. Kipaza kilikuwa bado kinapaza. Vicheko vilikuwa vinaisha, na yeye uso ulikuwa umemkauka kama mtu ambaye hana tena cha kuficha. "Mfanyakazi hadai makubwa. Anadai kiti chenye miguu minne. Anadai siku ya kuumwa bila kuogopa. Mwajiri huona haya ni sadaka. Si sadaka. Hata cherehani hutiwa mafuta, na hakuna aliyewahi kusema cherehani imedeka. Mfanyakazi akitunzwa, naye ata..."

"Inatosha, Dokta," mwenyekiti alisema, mkono juu. "Tumeona. Tuna chai."

Taa ya kijani ilikuwa imezima palepale alipokatizwa. Wajumbe waliinuka, nailoni ikalia. Mwenyekiti akageuka.

"Lile tangazo la dawa, ulikuwa umelipanga?"

Mhadhiri aliangalia nyuma ya ukumbi, kwa mkewe. Alikuwa ameambiwa asiseme pasipo lazima. Akaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti naye akaitikia, akaandika.


Ijumaa jioni mkuu wa idara alikuja mwenyewe nyumbani, na alipokaribishwa ndani alikaa mahali pasipovuja bila kuelekezwa.

"Hongera, shemeji! Miaka mitatu. Kamati imefurahi mno. Wameandika kwamba mumeo anatumia mbinu shirikishi, anatumia vifaa vya mazingira yake, na anashirikisha wadau."

"Wadau ndio nani?" Bibi aliuliza.

"Yule muuza dawa ya panya, mama."

Fundi alifunga macho, akayafungua. Kwa muda mfupi nyumba ile mbovu ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuziona.

"Tena wamependekeza kila mhadhiri ajitafutie kipaza chake," mkuu aliendelea. "Lile ombi la spika limefutwa, maana imeonekana tatizo limekwisha. Basi Jumatatu aendelee kama kawaida."

"Daktari alisema wiki tatu, Mkuu."

"Mkataba mpya, shemeji, una miezi sita ya majaribio. Ndani ya majaribio..."

"Mtu haumwi."

"Umenielewa vizuri," mkuu alisema kwa shukrani. Alikula alichoandaliwa, akaaga, akasifu ubaridi wa nyumba.

Mhadhiri alikaa kitandani. Fundi akakaa kando yake. Kazi ya Alhamisi ilikuwa imeimaliza sauti iliyojikusanya. Sasa hata ule mlio wa kabati haukuwepo. Kila mmoja wao alijua hesabu ilivyokaa: akienda Jumatatu, sauti imekwenda, na asiye na sauti hafundishi. Asipoenda, kazi imekwenda, na nyumba nyuma yake. Wakakaa hivyo mpaka Bibi alipouliza kutoka chumba cha pili kama kuna msiba.


Tulale hakupita Ijumaa wala Jumamosi. Alipita Jumapili, na mtaa haukujua kama kapita, maana alipita kimya. Alikiweka kipaza juu ya cherehani ya Fundi, juu ya koti lake la mifuko lililobaki kutiwa vifungo, akabonyeza cheusi.

"Tuendelee. Mfanyakazi hadai makubwa. Anadai kiti chenye miguu minne..."

Bibi alimtazama mwanawe kinywani. Kinywa kilikuwa kimefungwa.

"Jana nimezunguka nayo mitaa mitatu ya mbali nikidhani labda ile yangu itajirudi," Tulale alisema. "Watu wametoka nje, wananiuliza hicho kiti cha miguu minne nauza bei gani."

"Na ile yako?" Fundi aliuliza, ingawa alishajua.

"Ile haipo, dada."

"Ungesema palepale!"

"Taa niliiona. Nikasema, mtu anaokoa kazi yake, nitamkatiza?"

Mhadhiri aliinuka. Akafungua kinywa aombe radhi.

"Nyamaza!" Fundi na Tulale walisema pamoja, mmoja kwa sauti, mwingine kwa mkwaruzo. Kisha Tulale akaongeza, polepole, "Nyamaza, Dokta. Ukiomba radhi kwa sauti hiyo, tutakuwa wawili."

Wakakaa. Jiwe moja la maharage likaanguka uani. Ndipo Bibi akaweka sinia chini.

"Mnatafuta sauti? Mimi sauti nimekuwa nayo miaka yote hakuna aliyeihitaji. Nitarekodi mimi. Panya akinisikia tu atafunga mizigo."

"Asante, mama," Tulale alisema, mkono tayari kwenye vitufe.

"Bado," Fundi alisema, akamshika mkono. "Usikifute bado. Niachie kama kilivyo, wiki hizi tatu za ugonjwa, asubuhi zake. Mchana mama atatembea nawe mtaa huu na wa pili, aseme kwa mdomo wake."

"Kutembea tena?" Bibi aliuliza, lakini alikwisha anza kutafuta viatu.


Jumatatu Fundi aliingia ukumbini peke yake, na kipaza begani. Alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu zaidi ya wale wa foleni ya sare mwezi wa kufungua shule. Akakiweka kipaza juu ya meza ya mwalimu, akakielekeza madirishani, akabonyeza cheusi.

"Tuendelee," mumewe alisema.

Wanafunzi walitazama kipaza, wakamtazama mama yule mwenye sindano tatu zilizochomekwa kifuani, wakafungua madaftari. Hakuna aliyecheka. Waliandika kiti, wakaandika siku ya kuumwa. Kilipofika mwisho Fundi alibonyeza tena, na wale waliokuwa wamepitwa wakadaka walichopitwa.

Kilipokuwa kinarudia mara ya nne, mkuu wa idara alipita kwenye varanda. Alisimama nje ya mlango, mahali asipoona meza. Akasikiliza. Mhadhiri alikuwa anasikika, vizuri kuliko siku zote. Wanafunzi walikuwa wanaandika. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake na kiti chake cha miguu mitatu kwapani, alikuwa anakipeleka karakana.

"Mama," msichana wa dirishani aliinua mkono. "Mbona kinaishia hapo? Mfanyakazi akitunzwa, naye atafanya nini?"

Ukumbi mzima ukainua kalamu kusubiri. Fundi alikitazama kipaza, kama vile nacho kingeweza kuulizwa.

"Mwenyewe yupo nyumbani, anapona," alisema. "Akipona atakuja kuwamalizia."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki tatu. Ila mkimwahisha, hilo jibu hamtalisikia kamwe."

Msichana aliandika "ata", akaweka nukta tatu, kisha akageuza ukurasa na kuuacha wote mtupu. Mwenzake akachungulia, naye akaacha wake. Fundi akabonyeza cheusi tena.